Hana hakuwa amelewa

Somo letu: 1 Samweli 1:9-18

Baba, mama, vijana, nawasalimu wote mnaotusikiliza hapa Sandoa, wa mjini na wa ng'ambo ya Lulua, na ninyi mlio kwenye njia ya Kapanga na ya Dilolo. Na wewe uliyechukua karatasi hii mlangoni mwa kanisa, nakusalimu vilevile, ingawa una shida moja ambayo msikilizaji wa redio hana: sauti yangu huisikii. Hujui wapi nilicheka, wapi nilishusha sauti, wapi nilinyamaza kidogo. Nisomee kwa upole.

Mtume Paulo aliijua shida hiyo. Aliwaandikia Wagalatia barua kali, na katikati ya barua (Wagalatia 4:20) akawaambia kwamba angetamani awe nao palepale, ageuze sauti yake, maana alikuwa na mashaka juu yao. Aliona kwamba maneno ya kwenye karatasi yatasomwa na kila mtu kwa sauti yake mwenyewe. Mwenye hasira atayasikia yana hasira, na mwenye hofu atasikia tisho.

Leo nataka tuseme juu ya sauti, uso, macho na mikono, vile vinavyosema kabla mdomo haujasema. Tunavisoma kutwa nzima, nyumbani, sokoni, kazini na kanisani. Lakini kuna mahali ambapo kuvisoma vibaya kunaharibu maisha ya mtu, na hapo ndipo ninapokwenda. Mnivumilie, njia ni ndefu kidogo.

Tuanze Shilo. Hana hakuwa na mtoto, na mke mwenzake Penina alimchokoza mwaka baada ya mwaka, hata akalia na kukataa chakula. Wenzake walipokwisha kula na kunywa, yeye akainuka akaenda kumwomba Mungu. Kuhani Eli ameketi kitini, karibu na mwimo wa mlango. Biblia inasema alikitazama kinywa cha Hana. Midomo inacheza, sauti haitoki. Eli akaamua: huyu mama amelewa. Akamwambia auache ulevi wake.

Wapendwa, tusimcheke Eli upesi. Alikuwa na sababu zake. Ilikuwa siku ya sikukuu, watu wametoka kula na kunywa divai. Pale mlangoni alikuwa ameona mengi. Wanawe mwenyewe walifanya machafu na wanawake waliohudumu penye mlango wa hema (2:22). Na alichokiona alikiona kweli: midomo ilicheza, sauti haikusikika. Macho ya Eli hayakudanganya hata kidogo. Kosa lilikuwa katika ile hatua moja, kutoka kwenye kile macho yalichoona kwenda kwenye kile moyo wa mama ulichobeba. Hatua hiyo aliiruka bila kuuliza. Mwanamke aliyekataa chakula kwa huzuni akahesabiwa mlevi.

Nasi Wapentekoste tungepaswa kuwa wa kwanza kuielewa habari hii. Siku ya Pentekoste yenyewe, wanafunzi waliposema kwa lugha, kuna watu Yerusalemu waliowadhihaki wakisema wamelewa divai mpya (Matendo 2:13). Petro ilimbidi asimame aeleze kwamba ni saa tatu tu ya asubuhi. Hana alinyamaza, akaitwa mlevi. Wale walipaza sauti, wakaitwa walevi. Hukumu ni ileile kwa ishara mbili zinazopingana! Ukiona hivyo, ujue hukumu haikutoka kwenye ishara. Ilikuwa tayari ndani ya mtazamaji.

Sisemi kwamba ishara ni bure. Biblia haisemi hivyo. Yakobo aliona uso wa Labani haukuwa kwake kama jana na juzi (Mwanzo 31), naye alisoma vizuri, akajiandaa kuondoka. Roda alimtambua Petro kwa sauti tu, mlango ukiwa bado umefungwa, na furaha ikamsahaulisha kufungua (Matendo 12:14). Mfalme Artashasta aliona uso wa Nehemia una huzuni ilhali si mgonjwa. Lakini angalia mfalme alifanya nini: aliuliza (Nehemia 2:2). Hata Mungu, anayejua yote, uso wa Kaini ulipokunjamana alimuuliza kwa nini (Mwanzo 4:6). Kama Mungu mwenyewe anauliza, wewe na mimi tunaharakisha kwenda wapi?

Tuangalie nyumbani. Baba anarudi jioni, mama anaweka bukari na sombe mezani, sahani inagonga meza kidogo. Baba anauliza, «Kuna nini?» Mama anajibu, «Hakuna kitu.» Ninyi mlio na ndoa mnajua kuna «hakuna kitu» za namna ngapi. Kuna ile nyepesi ambayo kweli hakuna kitu. Kuna ile fupi, iliyokatwa kama kwa kisu. Kuna ile ya sauti ya chini kabisa, ambayo maana yake ni kwamba nimechoka kukwambia. Maneno ni yaleyale. Baba mwenye akili hasikilizi maneno tu. Lakini baba mwenye akili zaidi hasemi, «Najua, umekasirika kwa sababu ya ndugu zangu.» Huenda mama ana homa tangu asubuhi. Huenda sahani iliteleza tu.

Simu imeongeza shida. Vijana wengi wa hapa wako Kolwezi, na jamaa wanakutana kwa simu. Simu inakuondolea uso, inakuachia sauti, tena sauti iliyokwaruzwa na mtandao. Mtoto anapiga, anapaza sauti kwa sababu pale kwenye machimbo kuna kelele za mashine, na mzee huku anasikia kwamba amefokewa. Mzee anakata. Mwezi mzima hawasemezani. Na ujumbe wa maandishi ni mbaya zaidi, maana huko hata sauti hakuna. Mtu anakuandikia «Sawa», na wewe usiku kucha unaigeuza ile «Sawa» huku na huku. Mpigie, yaya. Dakika moja ya uniti ni nafuu kuliko usiku ule.

Sasa, kuna hesabu moja inayotembea katika semina za ndoa na za viongozi, labda umeisikia. Wanasema katika mazungumzo maneno yana nguvu ya 7 kwa mia tu, sauti 38, na uso 55. Wahubiri wengine wanaipenda sana. Hesabu hiyo ilitoka kwa mwalimu wa saikolojia wa Marekani, Albert Mehrabian, katika majaribio ya mwaka 1967. Lakini hakupima mahubiri, wala mazungumzo ya mume na mke. Watu walisikilizishwa neno mojamoja, kama «mpenzi», au «labda», au «vibaya», likitamkwa kwa sauti za namna mbalimbali, na katika jaribio moja wakaonyeshwa picha za nyuso, kisha wakaulizwa: huyu anapenda au anachukia? Ni katika jambo hilo dogo, sauti na uso vinapopingana na neno, ndipo watu walipoegemea uso na sauti. Kusema kwamba maneno hayana kazi katika mambo yote ni kumtwika mzigo asioubeba. Kama maneno yangekuwa 7 kwa mia tu, ungeweza kuangalia mhubiri wa Kichina asubuhi nzima ukaelewa karibu kila kitu. Jaribu uone!

Wazee wetu walilijua jambo hili kabla ya Mehrabian. Lugha zetu nyingi za Kongo, Kiruund, Kichokwe, Kiluba, zinapanda na kushuka; sauti ni sehemu ya neno lenyewe. Mmisionari Mwingereza John Carrington, aliyefanya kazi Yakusu karibu na Kisangani, aliandika kitabu mwaka 1949 juu ya ngoma zinazosema. Alieleza kwamba katika Kikele neno moja, lisaka, likitamkwa kwa sauti za chini zote ni dimbwi la maji, ukipandisha mwisho ni ahadi, na ukipandisha mapema zaidi ni sumu. Ahadi na sumu, wapendwa, tofauti ni sauti tu!

Ngoma ya mti ina sauti mbili, ya juu na ya chini. Haina herufi. Basi mpiga ngoma afanye nini, ikiwa maneno mengi yana mpando na mshuko uleule? Carrington aliona kwamba mpigaji hapigi neno moja akamwachia msikilizaji abahatishe. Anapiga sentensi ndefu. Akitaka kusema mwezi, anapiga maneno mengi yanayosema kwamba mwezi unaitazama dunia kutoka juu, ili asije mtu wa kijiji cha pili akasikia kuku badala ya mwezi. Wale wazee walijua sauti peke yake hupotosha, wakaizungushia maneno mpaka maana isimame. Walikuwa na subira ambayo sisi wa simu hatuna.

Na ishara za mwili nazo zina kwao. Mwaka 1854 David Livingstone alipita nchi ya Walunda wa kusini, kwa chifu Shinte, upande ambao leo ni Zambia. Aliona watu wakimsalimu mkubwa kwa kupiga magoti, kuchukua vumbi na kujipaka mikononi na kifuani. Hapa kwetu hatuhitaji Livingstone atuambie. Nani hajui kwamba mbele ya Mwant Yav kule Musumba mtu hasimami wima akatoa mkono kama anasalimu rafiki wa sokoni? Kwetu magoti na makofi ya taratibu ni heshima. Sasa fungua kitabu cha Ayubu, 2:12. Rafiki zake wanarusha mavumbi juu ya vichwa vyao. Hao wanaomboleza. Vumbi ni vumbi. Huku ni heshima, kule ni msiba. Mgeni atakayeona vumbi na kuamua bila kuuliza atatoa pole penye shangwe.

Macho ni hivyohivyo. Tumewafundisha watoto wetu kwamba mkubwa akisema, mdogo anainamisha macho. Kumkazia macho baba anapokukemea ni utovu wa adabu. Kijana aliyelelewa hivyo anakwenda kutafuta kazi kwenye kampuni ya mgodi. Mgeni anayemuuliza maswali amelelewa kwingine. Kwao mtu mkweli anakutazama usoni. Kijana anainamisha macho kwa adabu. Yule anaandika moyoni: huyu anaficha kitu. Au mbele ya polisi: anatetemeka, jasho linamtoka, sauti inakatika. Wanasema ndiye mwizi. Lakini asiye na hatia naye hutetemeka mbele ya polisi, tena pengine zaidi, maana hajazoea. Hofu ya kutosadikiwa na hofu ya kugunduliwa huvaa uso mmoja.

Hili si wazo langu tu. Mwaka 2006 wataalamu wawili wa Marekani, Charles Bond na Bella DePaulo, walikusanya pamoja majaribio mengi ambamo watu waliombwa kutazama na kusikiliza wengine, kisha waseme nani anadanganya na nani anasema kweli. Waamuzi jumla walipita 24,000. Kwa wastani walipatia mara 54 katika mia. Ukitupa sarafu ya franka juu, ukasema upande huu ni mwongo, upande huu ni mkweli, utapatia kama 50. Ndiyo tofauti yetu na sarafu! Na wengi wetu tunaapa kwamba mwongo tunamjua kwa macho.

Sasa nimefika nilikotaka kufika. Mama, punguza moto wa jungu uje usikilize hapa.

Sisemi nyumba ya mtu yeyote. Naeleza jinsi jambo linavyokwenda. Kuna mtoto wa miaka minane au tisa. Mama yake amekufa. Baba yake amekwenda kuchimba, amemwacha kwa jamaa. Mtoto hasemi sana. Akiitwa anachelewa kuitika. Mara nyingine anakodoa macho, hapepesi, kama haoni. Usiku anapiga kelele katikati ya usingizi, asubuhi anasema hakumbuki. Analowesha kitanda. Tumbo limejaa, nywele zimegeuka nyekundu. Siku moja mtoto mchanga wa nyumba ileile anaugua, biashara ya baba mwenye nyumba inaanguka, na mtu fulani anasema kwa sauti ya chini: «Mmekwisha kuyaangalia macho yake?»

Tangu siku ile kila kitu cha mtoto kinasomwa upya. Kimya chake kinakuwa siri. Macho yake yanakuwa shimo. Analetwa kwenye chumba cha maombi, pengine anafungwa, ananyimwa chakula siku tatu kwa jina la kufunga, anapigwa ili kitu kitoke. Na mwisho anatupwa nje. Kinshasa, Mbuji-Mayi, Lubumbashi, uliza watoto wanaolala sokoni. Wengi watakwambia walifukuzwa kwa neno hilo moja: mlozi. UNICEF ilitoa uchunguzi juu ya watoto hawa mwaka 2010, na ndani yake ishara zinazotajwa ni hizohizo: mtoto mkaidi, mtoto mpole mno, mwenye kujitenga, mwenye akili kuliko umri wake, mwenye kulowesha kitanda, mwenye kilema. Mkali ni mlozi, mpole ni mlozi. Si ndiyo ileile habari ya Hana na ya Pentekoste?

Tuzichukue ishara zile moja moja, kwa utulivu. Anachelewa kuitika: mpeleke apimwe sikio. Homa ya uti wa mgongo ikipita, mara nyingi inaacha uziwi, na mtoto hajui kukueleza kwamba hakusikii. Yeye anadhani ninyi mnasema chini. Anakodoa macho, haoni, haitiki, kisha anarudi kana kwamba hakuna kilichotokea: kuna kifafa cha namna hiyo, hakina kuanguka wala povu, kinachukua sekunde chache tu. Kelele za usiku ambazo asubuhi hazikumbukwi huwapata watoto wengi duniani kote, nao wakikua zinakwisha. Kulowesha kitanda, muulizeni mtu yeyote aliyewahi kulea yatima.

Na lile tumbo na zile nywele nyekundu? Ni njaa, wapendwa. Ni kwashiorkor. Daktari Cicely Williams aliuandika ugonjwa huo katika Gold Coast, Ghana ya leo, na mwaka 1935 akautambulisha kwa waganga wenzake kwa jina la watu wa kule, Waga, maana ya jina ikiwa ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa ziwani kwa sababu mwingine amezaliwa. Mtoto mwenye kwashiorkor ana uso wake. Hacheki, hachezi, hataki kuguswa, analalamika au ananyamaza tu. Anakula bukari tupu siku zote, na sahani ya maharage au samaki haimfikii. Uso ule unasema jambo moja wazi kabisa, na ni sisi tuliolisoma kinyume: aliyekosa chakula tukamwita mla watu.

Najua kuna mtu ananijibu sasa hivi kule aliko: «Mchungaji, unakataa karama ya kupambanua roho?» Sikatai. Iko katika 1 Wakorintho 12:10, na mimi ninaiamini. Lakini karama hiyo si karama ya kutazama nywele. Isaya 11:3 inasema juu yake yeye ambaye Roho wa Bwana angekaa juu yake, kwamba hatahukumu kwa kuyafuata macho yaonayo, wala hataonya kwa kuyafuata masikio yasikiayo. Basi anayesema, «Nimejua kwa macho yake», amekwisha kutuambia mwenyewe kwamba hukumu yake ilitoka wapi.

Tena angalia Eli alifanya nini baada ya kukosea, maana hapo ndipo kuna tofauti kubwa kati yake na chumba cha maombi nilichokisema. Hana alijibu. Alimwambia kwa heshima: sivyo, bwana wangu, mimi ni mwanamke mwenye huzuni rohoni, sikunywa divai. Na Eli akasadiki! Hakusema, «Mlevi gani anakubali kwamba amelewa?» Hakusema, «Hiyo ni pombe inayojitetea.» Jibu la Hana lilikuwa na nguvu ya kubadili hukumu. Kwa mtoto yule, hakuna jibu lenye nguvu. Akilia, ni pepo anaumia. Akinyamaza, ni pepo amejificha. Akikana, ni mkaidi. Akichoka na njaa na fimbo akasema «ndiyo, ni mimi», tunapiga makofi, tunasema amekiri. Ukimwuliza mtu swali ambalo majibu yake yote yanampeleka motoni, hujamwuliza kitu.

Sheria ya nchi nayo imesema, na wachungaji wenzangu tuijue. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwa ulozi. Sheria nambari 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto, kifungu cha 160, inampa anayefanya hivyo kifungo cha mwaka mmoja hadi mitatu, pamoja na faini. Haikutenga nabii wala mwombezi. Haikutenga shangazi.

Kwa hiyo wewe uliye na mtoto wa namna hii nyumbani, na umekwisha kuanza kumwangalia kwa pembe ya jicho, nakuomba ufanye mambo machache. Mpeleke hospitali kwanza, apimwe masikio, apimwe damu, apimwe uzito. Mpe sahani yake mwenyewe, yenye kitu ndani yake. Kaa naye chini jioni, mahali ambapo wengine hawapo, umwulize habari za mama yake, kisha unyamaze, hata kama jibu linachelewa. Usimwambie akutazame machoni. Na kama kuna mtu anakuja kukwambia ameona kitu katika uso wake, mwulize amemwuliza mtoto nini, na mtoto amejibu nini.

Kanisani pia tupunguze kusomana. Sisi tunaomba kwa sauti, na ni vizuri, mimi mwenyewe mnanijua. Lakini kuna mama mzee anayekaa nyuma, anaomba midomo ikicheza tu, na vijana wa kwaya wanasema yule hajajazwa. Manabii wa Baali walipaza sauti tangu asubuhi mpaka jioni (1 Wafalme 18), na kelele haikuwasaidia.

Nimalizie Shilo tulikoanzia, ila miaka kadhaa imepita. Hana alipata mtoto, akamleta akiwa mdogo akae na Eli. Sura ya 3 inatuambia macho ya Eli yameanza kupofuka, hawezi kuona. Usiku mtoto anaamka, anakimbia kwa mzee, anasema: nimekuja, umeniita. Mzee anasema sikukuita. Mtoto anarudi kulala. Anaamka tena. Anaamka mara ya tatu. Mtoto asiyekaa na mama yake, mara tatu katika usiku mmoja, anasema anasikia sauti ambayo hakuna mwingine anayeisikia! Nyumba ngapi za hapa kwetu zingengoja hadi asubuhi?

Eli hakuuona uso wa mtoto. Giza lilikuwa giza, na macho yake yalikuwa yamekufa. Alichokuwa nacho ni sauti ya mtoto na maneno yake, akayasikiliza mara tatu, akatambua, akamwambia nenda kalale, na ukiitwa tena, jibu. Hakumfunga. Asubuhi akamwuliza alichoambiwa, naye akasikiliza mpaka mwisho, ingawa habari yenyewe ilikuwa mbaya kwake na kwa nyumba yake. Na ukisoma mstari wa 15 utaona asubuhi ile nani aliifungua milango ya nyumba ya Bwana: ni Samweli, mtoto yuleyule.